Radhi ya Jumapili

Kwanza ieleweke kwamba Ummukulthum hakuwa msichana wa kuropoka. Angekuwa hivyo, hadithi hii ingekuwa fupi na lawama ingekuwa rahisi kugawa. Alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa pili wa sheria, mtoto wa Barking, mashariki ya London, aliyezaliwa Barking, na tangu udogo wake alisifiwa kwa jambo moja: ukimpa neno, haliendi kokote. Mama yake, Bi Zahra, aliyefanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, aliwaambia watu kwamba binti yake ana kifua cha kuwekea mambo. Kwa hesabu za Bi Zahra, kifua hicho ndicho kitakachomfanya wakili.

Julai ile msichana alipata nafasi ya mafunzo ya likizo kwenye kampuni kubwa ya mawakili pale Holborn, katikati ya mji. Jambo lenyewe liko hivi. Kampuni inachukua wanafunzi kumi kwa wiki mbili, inawalisha, inawapeleka jioni kucheza michezo, inawapa kazi ndogondogo, na muda wote huo inawaangalia wanavyokula, wanavyocheza na wanavyofanya kazi. Wiki mbili zikiisha, watatu wanapewa mkataba wa kufundishwa uwakili humo humo, na masomo yaliyobaki wanalipiwa. Saba wanapewa chupa ya maji yenye nembo ya kampuni na shukrani nyingi. Ummukulthum alikuwa ameomba kwenye kampuni kumi na tisa. Kumi na nane zilimkataa, mbili kati ya hizo zikiwa zimekosea hata jina lake. Ilibaki hii moja, na aliutaka ule mkataba kuliko alivyopata kutaka kitu chochote.

Msimamizi wake aliitwa Anne, wakili wa mambo ya wosia na mirathi, mama wa miaka hamsini na kitu aliyetembea ofisini na soksi tupu na aliyekula tufaha mpaka na mbegu zake. Siku ya kwanza Anne aliwakalisha wanafunzi wote kumi akawapa masharti mawili. La kwanza, kinachosomwa humu hakitoki humu, hata kwa mama yako. La pili, ukikuta kwenye faili jina la mtu unayemjua, unalifunga faili, unainuka, unakuja kusema, na ipo fomu ya kujaza. Wanafunzi wakacheka kidogo, maana mji una watu milioni tisa na wao wako pale kwa siku kumi.

Ummukulthum hakucheka. Yeye alitoka kwenye London nyingine, ya watu mia chache, Wazanzibari na Wapemba waliosambaa mashariki ya mji, ambako ukipiga chafya Barking unaombewa rehema East Ham.

Aliyelionja sharti la pili kabla ya wengine alikuwa Kokila, msichana wa Kihindi wa Stanmore, ambaye bibi yake alizaliwa Mwanza na nyumbani kwao mpaka leo sufuria inaitwa sufuria. Jumatano Kokila alikuta kwenye faili jina la daktari wa meno wa baba yake. Akafanya kama alivyoambiwa: akafunga, akainuka, akasema, akajaza fomu. Walimsifu kwa uaminifu wake, wakamwondoa kwenye kazi ile, na kwa kuwa hapakuwa na nyingine tayari, wakampa makabati matatu ya faili za zamani azipange kwa alfabeti. Alizipanga mpaka Ijumaa. Wenzake wakawa wanaandika, wanahudhuria vikao, wanaonekana, na yeye yuko chini kwenye vumbi na uaminifu wake.

Alhamisi asubuhi Anne alimpa Ummukulthum faili la rangi ya buluu. Kazi ilikuwa kulisoma lote na kuandika muhtasari wa kurasa mbili: mteja anataka nini, na ni lipi katika hayo linaloweza kuleta ugomvi akishafariki. Anne akamwambia wazi kwamba muhtasari huo ndio utakaotazamwa zaidi kuliko kazi nyingine zote za wiki mbili. Ummukulthum akaketi, akafungua ukurasa wa kwanza, akaona jina la Muhsin Ameir na anwani ya Barking, ghorofa ya nne, nambari kumi na saba. Yeye mwenyewe alikuwa akiishi nambari kumi na tisa.

Huyo alikuwa Ami Muhsin. Si ami wa damu, lakini kwao neno hilo halipimwi kwa damu. Baba yake Ummukulthum alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, Ami Muhsin ndiye aliyekuwa akivaa tai na kwenda shuleni siku za wazazi. Alikuwa karani wa idara ya nyumba za halmashauri kwa miaka thelathini mpaka akastaafu, na maisha yake yote aliamini kwamba karatasi ikijazwa sawasawa, nusu ya dunia imeshatulia. Barua zote kumi na tisa za maombi alizisoma yeye kabla hazijatumwa, kalamu mkononi. Na tangu msichana yuko darasa la tano alimwita Mheshimiwa Jaji, tena mbele za watu, mpaka binti akaudhika.

Sasa ilikuwa wakati wa kulifunga faili, kuinuka na kwenda kusema. Ummukulthum aliyajua yote hayo kama anavyoijua Fatiha. Akamfikiria Kokila kule chini. Akajiambia atasoma ukurasa mmoja tu, ahakikishe kwamba ni yeye kweli, kana kwamba nambari kumi na saba ya ghorofa ile inaweza kuwa na Muhsin Ameir wawili. Akasoma.

Mteja ana saratani ya kongosho. Madaktari wamempa miezi, si miaka. Mke hajui. Barua zote zisitumwe nyumbani, mteja atakuja kuzichukua mwenyewe mapokezi. Mteja amechagua ofisi ya mbali kwa makusudi, kwa sababu mawakili wa karibu na kwake wana makarani wanaojuana na watu wake. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Anne mwenyewe: mteja anasema watu wakishajua, nyumba haitakuwa yake tena, anataka amalize kiangazi hiki akiwa mume, kabla hajawa mgonjwa.

Aliyasoma maneno hayo mara tatu. Kisha, na hapa msimulizi hana la kumtetea, akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho na akaandika muhtasari. Uliandikwa vizuri kweli. Alijua sheria ya mirathi ya Waislamu kuliko yeyote kwenye jengo lile, alijua theluthi ya mali inayoweza kuusiwa ni nini na mrithi gani hausiwi, na alijua ndugu gani wa Pemba ataleta maneno, ingawa hilo la mwisho alikuwa na akili ya kutoliandika. Anne aliusoma akiwa amesimama, akatafuna mbegu, akasema hajapata kazi ya mwanafunzi kama hiyo kwa miaka kadhaa. Ummukulthum akashukuru. Aliona fahari, na ndani ya fahari hiyo aliona aibu, na hakuweza kuvitenganisha.

Ijumaa alikwenda mara mbili mlangoni kwa Anne ili aseme. Mara ya kwanza Anne alikuwa kwenye simu. Mara ya pili hakuwa kwenye simu, akainua macho na kuuliza kuna nini, na Ummukulthum akauliza mashine ya kubania karatasi iko wapi. Akaelekezwa.

Jumamosi alishinda amejifungia chumbani. Jumapili baada ya alasiri, Bi Zahra aliuepua mkate wa kumimina, akakata vipande sita, akavifunika na kumwambia binti yake apeleke nambari kumi na saba. Ilikuwa desturi ya kila Jumapili. Ummukulthum akasema kwa Kiingereza kwamba amechoka. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni hatua kumi na mbili, na sahani haiwezi kwenda peke yake.

Ami Muhsin alifungua mlango mwenyewe. Shati lilikuwa limemzidi shingoni. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu tangu Mei, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Bi Malak mkewe alisema ni sukari, ameacha wali, na alikuwa akilisema hilo kwa furaha. Kutoka jikoni alisikika sasa hivi akiimba pamoja na redio. Nyuma ya mzee, sebuleni, televisheni ilikuwa inaonyesha kriketi, na mbele yake kuna viti viwili vimewekwa karibu karibu na sahani moja ya njugu katikati.

Ummukulthum akatoa shikamoo, akaitikiwa, akatoa sahani.

“Mheshimiwa Jaji,” akasema Ami Muhsin. “Mji mkubwa wanasemaje? Wameshakupa kiti?”

Yeye kwa kawaida alikuwa na jibu, na jibu lenyewe kwa kawaida lilikuwa la kejeli. Leo aliliweka kando. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa London: cha salamu, cha chakula na cha dini, basi. Pole hakuweza kuisema, kwa sababu pole ingetaka maelezo, na kwa siku tatu aliizuia isimtoke. Lakini kumgeuzia mgongo mtu aliyemvalia tai miaka yote ya shule, akaenda zake kama hajui kitu, nako hakukuwezekana. Akatafuta lipi linaloweza kusemwa na mtu mwenye Kiswahili cha namna hii, na midomo ikasema yenyewe.

“Ami,” akasema, “niwie radhi.”

Kwao maneno hayo yana mahali pake. Huyasema mtu anayekwenda Hija, au anayeingizwa kwenye chumba cha kupasuliwa. Na huambiwa mtu ambaye hutarajii kukaa naye tena kwa muda mrefu. Hayasemwi mlangoni siku ya Jumapili juu ya vipande sita vya mkate.

Ami Muhsin aliishika ile sahani. Kisha akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabaki wazi kidogo tu, na wimbo wa Bi Malak ukapungua.

“Unasafiri?”

“Hapana, Ami.”

“Na mie sisafiri, wala sijamwambia mtu kama nasafiri.” Akamtazama. “Hiyo ofisi yenu iko wapi, mwanangu? Mama yako kanambia mjini, hakunambia mjini wapi.”

“Holborn.”

“Pale mapokezi pana tangi la samaki?”

“Lipo.”

“Wekundu?”

“Wekundu, Ami.”

Ummukulthum aliona kwamba hakukasirika, na angependa sana akasirike. Uso wake ulikuwa ule wa karani aliyeletewa fomu yenye kosa na anaangalia kosa liko wapi.

“Umewaambia kule kuwa wanijua?”

“Sijawaambia.”

“Kwa nini?”

“Wangeniondoa,” akasema, na hapo Kiswahili kikamwishia. “I wanted it so much, Ami.”

Ami Muhsin akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kwamba kutaka sana ni sababu, ingawa haitoshi. Akasema amemuwia radhi, naye amuwie. Akamwambia sahani itarudi kesho. Kisha akaingia ndani, na kupitia mlangoni Ummukulthum akamsikia akimwambia Bi Malak kwamba mkate umekuja, aje upesi kabla kriketi haijaisha.

Usiku ule hatuna haja nao. Jumatatu aliondoka mapema, akabadilisha treni Mile End, na alipofika Holborn alikuwa ameshakata shauri. Angesema yote: kwamba alimjua mteja tangu mstari wa kwanza, kwamba alisoma makusudi, na kwamba jana amelitoa jambo kwa mdomo wake mlangoni kwa mwenyewe. Mkataba ungekwenda. Ungekwenda kwa Kokila labda, na ingekuwa haki. Saa tatu na dakika kumi alikuwa amesimama mbele ya meza ya Anne, na safari hii hakuulizia mashine yoyote.

Akaanza kusema kwamba lipo jambo kuhusu lile faili la buluu. Anne akainua mkono. Akasema kabla hajaendelea, na yeye ana jambo kuhusu faili hilo hilo. Bwana Ameir amempigia simu asubuhi hii saa tatu, ofisi ikifunguliwa tu. Amesema binti wa jirani yake, ambaye ni kama mwanawe, yuko hapa kwa mafunzo, na ameona aarifu mapema isije ikaleta shida. Amesema kama binti huyo ameliona faili lake, yeye hana neno, kwa kuwa ugonjwa wake si siri tena. Mkewe anajua, majirani wanajua, na binti mwenyewe alikuwa anajua nyumbani kabla hajakanyaga ofisini. Ameomba maneno hayo yaandikwe na yawekwe kwenye faili, na tarehe.

“Kwa hiyo nakuuliza wewe,” Anne akasema. “Ndivyo ilivyo? Ulikuwa unajua tayari, kwenu?”

Ningependa kusema kwamba alifikiri sana. Watu wanaosimuliwa mambo haya hupenda kusikia kwamba mtu alifikiri sana. Ummukulthum aliona mbele yake maneno mawili mafupi. Moja lingemwondoa pale na kumfanya Ami Muhsin kuwa mwongo ndani ya faili lake mwenyewe. La pili lilikuwa tayari limeshasemwa na mtu mzima, kwa ajili yake, na kazi yake ilikuwa kulirudia tu.

“Ndiyo,” akasema.

Anne alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema kama ni hivyo basi hili si kosa la siri, ni kosa la fomu, na kosa la fomu dawa yake ni fomu. Hatalishika tena lile faili. Muhtasari ulikuwa mzuri na utabaki kuwa mzuri. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, na Ummukulthum akaijaza palepale, akasaini, akatia tarehe ya siku hiyo. Mchana alipewa kazi nyingine, akaifanya. Saa kumi Anne akapita karibu na meza yake na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kuhusu Ijumaa ijayo asiwe na wasiwasi sana. Mtu asiyekuwa na wasiwasi sana Ijumaa ijayo ni mtu mwenye mkataba. Hilo hata Kokila, aliyekuwa meza ya pili na amesikia, alilielewa, akampa mkono.

Njiani kurudi alikuwa na raha. Na iwe wazi hivyo, alikuwa na raha, kuanzia Holborn mpaka Barking, na aliwaza kwamba mzee yule kwa uongo wake mmoja wa simu amemwokoa na hakuna aliyeumia.

Lifti ilipofunguka ghorofa ya nne aliona viatu.

Vilianzia mlango wa nambari kumi na saba, vikafuata ukuta wa ukumbi wa nje hadi kupita mlango wa kwao. Viatu vya wanaume vya ngozi, makubadhi, raba za watoto, viatu vya kazini vya wanawake wa nyumba za wazee, vyeupe, pamoja na vya mama yake. Mlango ulikuwa wazi. Jua la Julai lilikuwa bado juu, na watu walikuwa wakiendelea kupanda kwa ngazi kwa sababu lifti haikutosha.

Bi Zahra alitokea mlangoni akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akamuuliza alikuwa wapi na simu yake. Akamweleza, kwa pumzi moja: Ami yako mgonjwa, maradhi mabaya, na alijua tangu Mei. Leo asubuhi saa tatu na nusu ameingia jikoni, Malak anaosha vyombo, akamwambia akae, akamwambia. Halafu mwenyewe akaja kugonga kwetu, akagonga nambari kumi na tano, akampigia imamu. Mwenyewe, kwa mkono wake, mlango kwa mlango, kama mtu anayegawa kadi za harusi. Nani amesikia jambo kama hilo?

Ummukulthum akasimama kwenye viatu vya watu. Saa tatu na nusu. Simu ilipigwa saa tatu. Alianza na faili, kisha ndipo akaenda kwa mkewe. Miaka thelathini ya ukarani haikumruhusu kuacha karatasi iseme hivi na mambo yawe vile; aliyoyaandikisha Holborn kuwa kweli aliyafanya kuwa kweli nyumbani, nyumba moja baada ya nyingine, kabla ya adhuhuri. Kiangazi alichokitaka kilimalizika kati ya saa tatu na saa tatu na nusu.

Akavua viatu akaingia. Sebule ilijaa wanaume. Mtu alikuwa ameizima televisheni. Vile viti viwili vilitenganishwa, kimoja kimekaliwa na imamu, kingine hakikuonekana kilikopelekwa. Ami Muhsin alikuwa kwenye kochi kubwa, nyuma yake mto ambao hakuuomba, miguuni blanketi wakati nje watu wanatoka jasho. Bi Malak hakuwa karibu naye. Alikuwa chumbani, katikati ya wanawake, na mlango wa chumbani umefungwa.

Watu walimpisha msichana kwa kuwa walijua alivyo kwa mzee. Akapiga magoti, akambusu mkono. Ami Muhsin akainama kidogo, sauti yake ikiwa ya kumtosha yeye tu.

“Fomu umejaza?”

“Nimejaza, Ami.”

“Umetia tarehe?”

“Ya leo.”

“Vizuri.” Akatazama mlango wa chumbani, kisha akamrudia. “Haya, sema basi lile ulilokuwa nalo jana. Sasa ruhusa.”

Alitaka kusema kwamba angeliacha lote, mkataba, Holborn, na samaki wekundu, arudishiwe vile viti viwili na sahani ya njugu. Kiswahili cha kusema hayo hakuwa nacho, na hata angekuwa nacho hayakuwa kweli kabisa, na mzee alilijua hilo.

“Pole, Ami,” akasema.

“Nimekwisha poa, mwanangu.”

Akainuka kumpisha anayefuata, maana nyuma yake walikuwa wamesimama wanne, na mlangoni hodi ilikuwa inapigwa tena.